Laini Iko Safi

Mtaa mzima ulimjua kwa jina la Waya, na hata mkewe alishasahau ni lini alianza kumwita hivyo. Kwa miaka thelathini na minne alikuwa fundi wa laini za simu: kupanda nguzo, kuunga nyaya, kutafuta mahali sauti ilipokatikia. Alistaafu na goti moja bovu, ngazi ya alumini ambayo hakukubali kuiuza, na imani kwamba hakuna kitu kinachopita kwenye waya asichokielewa.

Mjukuu wake wa kwanza alizaliwa hasikii. Madaktari walisema hivyo mtoto akiwa na miezi minane, na Waya akakaa siku mbili bila kuongea na mtu. "Nimewaunganisha watu wote wa mji huu," alimwambia mkewe siku ya tatu, "halafu damu yangu mwenyewe siwezi kuipigia simu." Wiki iliyofuata mkewe alijiandikisha kwenye mafunzo ya lugha ya alama, akawa anakwenda kila Jumatano na Ijumaa, daftari mkobani, mwanamke wa makamo miongoni mwa wazazi wenye umri wa binti yake. Waya alisema na yeye atajifunza, akishapata nafasi. Mstaafu gani hana nafasi? Mkewe alijiuliza hivyo akielekea darasani.

Sasa mtoto alikuwa na miaka sita, anaishi na wazazi wake mji wa mbali, na bibi yake akawa anaongea naye kwa simu ya mkononi, kwa picha. Kioo cha simu kilikuwa na ufa. Bando nalo lilikuwa la kusuasua: vidole vya mtoto viliganda katikati ya sentensi, vikaja kufunguka sentensi imeshapita. Siku moja mtoto alikasirika, akaondoka zake mbele ya kamera, akamwacha bibi anatazama ukuta. Hapo ndipo walipoamua: wavute mtandao wa nyumbani, wa kebo, na waunganishe ile kompyuta kubwa ya Waya sebuleni, yenye kioo kipana kama dirisha.

Kompyuta hiyo Waya aliinunua kazini walipokuwa wanaondoa vifaa vya zamani, na akaiwekea mfumo wa Linux kwa mkono wake, akielekezwa na mwenzake wa chumba cha mitambo. Aliupenda mfumo huo kwa sababu mtu anaweza kufungua kila mlango wake akaona ndani kuna nini. Wenye kompyuta za kawaida aliwatania: "Nyinyi mmepangishwa. Mimi nina nyumba." Lakini tangu nyaya za shaba zing'olewe mtaani, ile nyumba yake haikuwa na barabara. Alikuwa anaitumia kuandika barua, kutunza picha za harusi za watu, na kucheza karata peke yake.

Fundi wa kampuni alikuja Jumatatu asubuhi. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini hivi, amevaa ovaroli lenye mifuko kila mahali, na ngazi yake alijishushia mwenyewe kutoka kwenye gari. Waya alimfuata nyuma kama mkaguzi. Alipotoboa ukuta, Waya alisema tundu limekaa juu kidogo. Alipovuta kebo, nyembamba kama uzi wa kushonea, Waya aliishika akataka kuikunja pembeni mwa mlango ikae vizuri.

"Usiikunje, mzee. Ndani yake ni kioo. Ukiipinda sana inakatika."

"Najua," alisema Waya. Hakuwa anajua.

Boksi likafungwa ukutani juu ya kabati la vyombo, taa zikawaka moja baada ya nyingine. Fundi akapima kwa kifaa chake, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akachomeka waya kutoka kwenye boksi hadi kwenye kompyuta ya Waya. Alama ya mtandao ikatokea pembeni ya kioo. Waya akafungua ukurasa wa kwanza. Haukuja. Akafungua wa pili. Haukuja nao.

Fundi akachomoa ule waya, akauchomeka kwenye kompyuta yake ndogo. Kurasa zikafunguka kufumba na kufumbua. Akaurudisha kwa Waya. Kimya.

"Mzee, laini iko safi," alisema. "Tatizo liko kwenye mashine. Nadhani kuna kitu kimepangwa zamani humo ndani. Nipe dakika tano niangalie."

Angesema maneno hayo kwa mtu mwingine yeyote, yangepita. Lakini Waya aliyasikia kwa masikio ya mtu aliyekwisha kuambiwa mara moja asubuhi hiyo asikunje waya.

"Binti, unajua mimi nimepanda nguzo miaka mingapi?"

"Sijui, baba. Mingi, naona."

"Kabla hujazaliwa nilikuwa natafuta laini zilizokufa kwenye mvua. Mashine hii nimeijenga mwenyewe. Kila kilichomo nakijua. Wewe kompyuta yako ni ya kampuni, haiwezi kukutia aibu mbele ya mteja. Rudi kwenye laini yako ukaitengeneze."

"Laini imepimwa, mzee. Vipimo hivi hapa."

"Basi hamjui kupima."

Yule fundi alikuwa na nyumba nyingine nne siku ile. Akasema kwa upole kwamba hawezi kutengeneza kitu ambacho hakijaharibika, akatoa karatasi ya kusainiwa. Waya akazunguka nyumba nzima kutafuta kalamu. Alipoipata, akaandika kwa herufi kubwa: KAZI HAIJAKAMILIKA. FUNDI HAJUI KAZI YAKE. Yule dada akaisoma, akaikunja taratibu, akaaga kwa heshima na kuondoka.

Hasira hazikuishia hapo. Gari halijakata kona, Waya alikuwa ameshapiga simu kitengo cha wateja. Alieleza yote, na alipoona anayemsikiliza anaitikia tu "ndiyo, ndiyo", akaongeza chumvi: "Na zaidi ya hapo amenitukana. Nyumbani kwangu."

Mkewe alikuwa mlangoni na kitambaa cha kufutia meza mkononi. Alisubiri mpaka simu ikatwe.

"Alikutukana saa ngapi?"

"Amesema mashine yangu mbovu."

"Ndiyo tusi hilo?"

"Kwangu mimi ni tusi."

Mkewe akarudi jikoni.

Asubuhi ya pili Waya aliamka akakuta nyumba imetulia. Jikoni mkewe alikuwa ameegemeza simu yake kwenye kopo la sukari, anafuatisha mikono ya mwalimu kwenye kioo. Mikono ile haikuganda hata mara moja. Ilikwenda laini kama maji. Waya alisimama akaangalia kwa muda.

"Utamaliza bando lako lote hapo."

"Bando gani? Hili ni boksi lako."

"Boksi gani?"

"La ukutani, bwana wee. Yule binti aliniunganishia simu jana, wakati wewe unatafuta kalamu ya kumwandikia mabaya."

"Na wewe hukuniambia?"

"Hukuuliza. Ulikuwa vitani."

Akaenda sebuleni, akavuta kiti mbele ya kompyuta. Hakuwa tena na wa kubishana naye, na hapo ndipo ufundi wake ulipomrudia. Laini ikifa, fundi hakurupuki kung'oa nyaya. Anaanzia upande mmoja, anasogea hatua kwa hatua, mpaka apate mahali penye uhai na mahali palipokufa. Hitilafu iko katikati yao. Kazi hiyo aliifanya nusu ya maisha yake. Jana hakuifanya hata kwa dakika moja.

Akafungua dirisha jeusi la kuandikia amri. Ule waya wa kutoka kwenye boksi: mzima. Kompyuta imepewa anwani na boksi: imepewa. Akaandika amri ya kulibishia hodi boksi lenyewe, boksi likaitika. Akabisha hodi mbali zaidi, kwenye mashine moja ya nje ya nchi ambayo namba yake aliikariri tangu enzi za kazi. Nayo ikaitika, haraka kuliko alivyowahi kuona.

Akarudi nyuma kwenye kiti. Kumbe alikuwa ameunganishwa tangu jana.

Akajaribu tena, safari hii si kwa namba bali kwa jina. Kompyuta ikasubiri, ikasubiri, kisha ikasema haimjui mtu wa jina hilo.

Namba zinaitika, majina hayaitiki. Jambo hilo alilielewa mara moja. Zamani, mtu asiyejua namba ya simu alipiga chumba cha maulizo, akataja jina, na akina mama wa pale wakamtafutia namba kwenye daftari. Kompyuta nayo ina mahali pake pa kuulizia. Unataja jina la ukurasa, yenyewe inakwenda kuuliza namba. Hii ya kwake ilikuwa inamwuliza nani?

Kuna faili moja dogo linalotunza jibu la swali hilo. Akalifungua. Lilikuwa na mistari miwili tu. Wa pili ulikuwa anwani ya chumba cha maulizo cha shirika lake la zamani la simu, lililovunjwa, mitambo yake ikauzwa kwa kilo. Wa kwanza ulikuwa maneno:

# USIGUSE. Nimeshaweka sawa. W.

Alitazama herufi zile kama mtu aliyekutana na picha yake ya ujana. W alikuwa yeye. Pembeni, tarehe ya faili ilikuwa ya miaka tisa nyuma. Akaanza kukumbuka: enzi zile kompyuta ilikuwa na tabia ya kuyafuta maandishi yale kila inapowashwa, na yeye akachoka kuyaandika upya. Alitaka kubadilisha ule mstari sasa hivi, kompyuta ikamkatalia. Akaingia kwa mamlaka ya mwenye mashine, ambaye hakatazwi kitu. Ikamkatalia tena. Hapo akakumbuka na lililobaki. Siyo tu kwamba aliandika. Alilitia faili kufuli, kwa amri maalumu, ili asitokee mtu wala programu ya kuligusa. Boksi jipya lilikuwa limeileta anwani sahihi ya kuulizia majina tangu dakika ya kwanza, likagonga kwenye kufuli lile, likarudi.

"Bi mkubwa," aliita. "Njoo uone."

Mkewe akaja, akavaa miwani, akasoma. "Usiguse," alisema. "Nimeshaweka sawa." Akacheka mpaka akatafuta pa kukaa. "Ama kweli nyani haoni kundule!" Kisha kicheko kikakatika, kama kimekatwa na mkasi. "Na yule binti je?"

Waya alifungua kufuli, akafuta mistari yote miwili, akawasha kompyuta upya. Kurasa zikaja. Hakufurahi hata kidogo.

Kwa maana alijua karatasi inafanya nini. Akiwa na miaka kumi kazini, mteja mmoja aliandika kwamba Waya amemkatia laini makusudi kwa sababu hakupewa chochote. Laini ilikuwa imekatwa na panya wa darini mwa mteja mwenyewe. Miezi mitatu Waya alichimba mitaro na vibarua, huku ngazi yake ikipandwa na mwingine. Panya walipogunduliwa, yule mteja aliita fundi mwingine, laini ikaungwa, maisha yakaendelea. Hakuna aliyekuja kusema kwamba Waya hakuwa na kosa. Alipostaafu, karatasi ile ilikuwa bado imo kwenye faili lake. Aliiona kwa macho yake, imeanza kuwa ya manjano.

Akapiga simu kitengo cha wateja. Sauti ya mashine ikamwambia abonyeze moja, kisha tatu, kisha asubiri. Hatimaye mtu akapokea, akaangalia, akasema kwa furaha: "Lalamiko lako limeshafungwa, mzee. Limeshughulikiwa."

"Limeshughulikiwaje?"

"Mimi naona hapa limefungwa tu."

Waya alivaa shati la mikono mirefu, akachana nywele zilizobaki, akatoka.

Ofisi ya kampuni ilikuwa ghorofa ya pili, ina feni inayogonga na viti vya plastiki vilivyofungwa pamoja. Alisubiri saa nzima na nusu kabla ya kuingizwa kwa msimamizi wa mafundi, bwana mnene mwenye macho ya kukosa usingizi na simu mbili mezani.

"Nimekuja kufuta lalamiko," alisema Waya.

"Lipi, mzee?"

Akaeleza. Msimamizi akatafuta kwenye kompyuta, akakuna shavu. "Hilo tumeshachukua hatua. Fundi kutojua kazi tungemwelimisha, lakini kumtukana mteja ni kosa kubwa. Ametolewa kwenye kazi za majumbani. Yuko stoo kwa mwezi mmoja, na barua imeingia kwenye faili."

"Hakunitukana."

Msimamizi akainua macho.

"Nilisema uongo," alisema Waya. Maneno yale yalikuwa mazito kuliko alivyodhani, kama kunyanyua nguzo peke yake. "Alisema laini iko safi. Ilikuwa safi. Kompyuta yangu ndiyo ilikuwa na hitilafu, na niliitia mwenyewe. Nipe karatasi niandike."

"Mzee, watu wanapanda ngazi hizi kila siku kulalamikia wenzao. Wewe ni wa kwanza kuja kujilalamikia." Akasukuma karatasi mbele yake, lakini akaongeza kwa sauti ya chini: "Sijui kama makao makuu watakubali kuitoa ile barua. Hii nitaiweka juu yake. Hilo naliweza."

Waya aliandika polepole, kwa mwandiko wa shule. Alipomaliza aliomba kumwona fundi.

Stoo ilikuwa chini, chumba kirefu kisicho na dirisha, marundo ya maboksi yaliyorudishwa na wateja hadi darini. Yule dada alikuwa amekaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, anatenganisha mazima na mabovu. Alipomwona, alisimama. Uso wake haukuonyesha kitu.

"Shikamoo."

"Marahaba, binti yangu." Waya alikuwa amepanga maneno njiani, na yote yakampotea. "Nimekuja kukuomba radhi. Nilikuzulia. Nimeandika kule juu kwamba nilikuzulia."

Alimpa nakala ya maelezo aliyoandika. Dada akaisoma amesimama chini ya taa, akaisoma hadi mwisho. Halafu akauliza swali ambalo Waya hakulitegemea.

"Ilikuwa nini?"

"Nini?"

"Hitilafu. Ilikuwa nini? Nimelala nikiiwaza."

Waya akamweleza: namba zinaitika, majina hayaitiki, faili, anwani ya shirika lililokufa. Alipofika kwenye kufuli, dada akajipiga paja.

"Majina! Nilijua ni majina. Ndiyo maana niliomba dakika tano. Ila hilo la kufuli lingenisumbua, sitaki kukudanganya. Nani anatia kufuli pale?"

"Mtu mwenye kujiamini," alisema Waya.

Dada alikaribia kucheka, akajizuia. Akairudia karatasi. "Hapa umeandika kwamba hukutukanwa. Sawa. Lakini hujaandika kwamba nilikwambia tatizo liko wapi. Kwenye faili nitasomeka kama fundi aliyeshindwa kazi, ila ana adabu."

Waya akatoa kalamu. Aliiweka karatasi juu ya boksi bovu, akaongeza kwa chini: Fundi alinionyesha ukweli siku ileile, akaomba nafasi ya kunisaidia. Mimi nilikataa kusikia. Akasaini tena.

"Umenisamehe?" aliuliza.

"Bado, mzee. Nina mtoto, na leo asubuhi nimemdanganya bibi yake kwamba nakwenda kwenye mafunzo. Lakini umekuja mwenyewe. Hilo nimeliona." Akachukua karatasi ili aipeleke juu yeye mwenyewe, kabla mtu hajabadili moyo, alisema, na akatangulia kupanda ngazi.

Ilichukua siku tisa. Waya alijua kwa sababu alipiga simu kila asubuhi, akibonyeza moja, kisha tatu, mpaka msimamizi mwenyewe akampa namba yake ili apumzike. Siku ya tisa msimamizi akamwambia dada amerudi barabarani. Kuhusu ile barua ya kwanza, makao makuu walikuwa bado hawajajibu. Waya akasema ataendelea kupiga.

Jumamosi ya wiki ile, saa nne asubuhi, mkewe alimkalisha mbele ya kompyuta. Binti yao akatokea kwenye kioo, mkubwa kama yuko dirishani, kisha akasogea pembeni na mjukuu akajaa picha nzima, meno mawili ya mbele hayapo. Bibi akainua mikono, na mtoto akainua yake. Maneno yakaanza kwenda na kurudi bila kuganda, kwa kasi ambayo Waya hakuwahi kuiona, akagundua kwamba kwa miaka yote ile hakujua mkewe anaongea sana kiasi hicho.

Yeye naye akasogea karibu. "Hujambo, mjukuu wangu!" alisema kwa sauti kubwa, ile sauti ya kupimia laini ndefu. "Umekua!"

Mtoto akamtazama, akamgeukia bibi, akasema kitu kwa vidole.

"Anauliza," mkewe alitafsiri, "babu anatafuna nini?"

Waya akafunga mdomo. Mikono yake ilikuwa imelala magotini, mikono iliyounga maelfu ya nyaya na isiyojua kusema hata neno moja. Mkewe hakumsimanga. Alimwonyesha taratibu, mara mbili, jinsi ya kusema "babu anakupenda".

Waya akaigiza. Vidole vyake vilikuwa vigumu, kimoja hakikunjiki tangu aangukiwe na koleo. Mtoto alitazama kwa makini, kama mwalimu anayesahihisha. Kisha akaanguka nyuma kwenye kiti akicheka, na kicheko chake, kikubwa, kisichojisikia chenyewe, kikajaa sebule.

"Nimesema nini?" aliuliza Waya.

"Umesema babu ni kuku," alijibu mkewe huku akifuta machozi.

"Nionyeshe tena," alisema Waya, akavuta kiti mbele.